Dakika Tano za Bombani

Mashine haikuwa na haya hata kidogo. Ilimwandikia Siwatu Mbaruku majibu kwa herufi za kijani, kana kwamba inamtajia idadi ya sabuni zilizobaki stoo. Rehani Shekue, miaka thelathini na tisa, mfuaji, wodi ya tatu. Kirusi cha homa ya utando. Kimetoka kwa mgonjwa wa kitanda namba kumi na mbili. Kimeingia mwilini Alhamisi, saa saba kasoro dakika kumi mchana. Bangili: imevuliwa. Hukumu: nje ya zamu.

Chini ya maneno hayo palikuwa na duara jekundu likingoja dole gumba lake.

Siwatu hakulibonyeza. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa tena, akasoma upya. Maneno yalikuwa yale yale. Saa saba kasoro dakika kumi. Aliijua saa ile, tena vizuri sana, akatamani asingeijua.

Mashine yenyewe iliitwa Nasaba, na yeye ndiye aliyekuwa msomaji wake katika Kituo cha Karantini cha Mkole, mali ya Kampuni ya Satua. Kazi ya Nasaba ni kuchukua tone la damu na kusema ugonjwa umetoka kwa nani na umeingia lini. Kila kirusi kikizaa hukosea kidogo, kama mtu anayenakili barua ndefu kwa mkono, na Nasaba huyahesabu makosa hayo kurudi nyuma mpaka ifike siku, saa, na dakika. Kisha huilinganisha dakika hiyo na bangili ya mfanyakazi. Bangili ikiwa mkononi, mtu yuko zamuni, na kampuni lazima imtibu, impe kitanda cha pumzi na iitunze nyumba yake mpaka apone, au hata asipopona. Bangili ikiwa imevuliwa, ugonjwa ni wake. Atapewa pakiti ya barakoa na karatasi ya maelekezo, kisha aende kwao.

Zamani mtu akiugua, mwajiri husema ugonjwa umeutoa kwenu, naye husema nimeutoa kwako, wakabishana mpaka mmoja azikwe. Sheria ya Nasaba ilipopitishwa watu walipiga vigelegele barabarani. Siwatu naye alipiga, hadi sauti ikamkauka. Jamani, mtu hujifurahisha na mambo!

Sasa alikuwa anaukumbuka mwezi wa Ramadhani wa mwaka juzi, pale Rehani alipokuja kwenye dirisha la ofisi yake, ovaroli imelowa mpaka magotini. Rehani alikuwa mtu wa utani, lakini siku ile alikuja na adabu zake zote.

"Dada Siwatu, watu wa kufulia wamenituma. Hizi bangili zinabana, maji hayapiti chini yake. Mtu akitawadha, udhu hautimii. Tunaweza kuzivua tukienda bombani?"

Siwatu alikuwa na mambo mengi mezani siku ile. Alimjibu bila hata kuinua kichwa, tena kwa wema, akiona amewafanyia watu hisani.

"Zivueni tu. Dakika tano hazina neno."

Rehani aliweka mkono kifuani, akamshukuru, akaondoka na habari njema. Tangu hapo, kila adhuhuri, watu wa kufulia, na wa idara nyingine walioisikia ruhusa ile, walipanga bangili zao juu ya ukuta mfupi, wakavua barakoa, wakasukutua, wakapandisha maji puani. Aliyesema hazina neno ni mmoja tu, naye alikuwa hapa amekaa, anatazama duara jekundu.

*

Banda la kungojea lilikuwa nyuma ya jengo la utawala, mabati juu, viti vya plastiki chini. Rehani alilazwa humo kwenye machela tangu alfajiri, kwa kuwa hukumu yake haijapigwa dole, na asiyepigiwa dole hana kitanda. Mkewe, Zamda, alikuwa amepiga magoti kando yake, barakoa mbili usoni, anakamua mfuko wa kupulizia kwa mikono miwili. Kila akikamua, kifua cha Rehani kinapanda. Kila akiachia, kinashuka. Homa ya utando huvika mapafu ngozi nyembamba, na asiyesukumiwa hewa humalizika mchana mmoja.

"Dada Siwatu!" Zamda aliinua macho, na macho yalikuwa yanacheka. Hilo ndilo lililomuumiza Siwatu kuliko kama angelia. "Bora umekuja. Nimemwambia Rehani, maadamu anayesoma ni dada Siwatu, tusihangaike. Wameshanionyesha kitanda kabisa. Namba saba, kile cha dirishani. Nimekifagilia uvunguni."

"Nani alikuonyesha?"

"Mama wa usafi. Kasema ndicho kilichobaki wazi." Alikamua. "Ni lini wanamhamisha?"

Siwatu alisema, "Kuna karatasi bado." Karatasi! Kituo kizima hakikuwa na karatasi ya kujaza hata moja.

Rehani alifungua macho. Hakuweza kusema, lakini aliuinua mkono wa kushoto, akaonyesha kifundo, pale bangili inapokaa. Palikuwa na alama nyeupe tu. Alikuwa anaeleza au anauliza, Siwatu hakujua. Alichojua ni kwamba hakuweza kuendelea kuitazama alama ile, akaaga upesi akitaja kazi.

"Nenda dada, usicheleweshwe na sisi," Zamda alisema. "Mimi mikono bado ina nguvu."

*

Alirudi mezani, akafungua majalada ya nyuma. Alikuwa anajua atakachokikuta, na ndiyo maana alikuwa hajawahi kuyafungua pamoja.

Kidawa wa jikoni, mwezi wa pili: saa saba kasoro robo mchana, bangili imevuliwa, nje ya zamu. Sefu wa stoo ya dawa, mwezi wa nne: saa saba kasoro dakika nane. Mzee Titima wa bustani, mwezi uliopita: saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Wote watatu wameugua ugonjwa wa wodi ya tatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kuingia wodi ya tatu. Wote wamekwenda makwao. Wote wamezikwa. Na chini ya kila jalada palikuwa na dole gumba lake, limekaa vizuri, mistari yote inaonekana.

Alikuwa ameliona jambo hili tangu kwa Sefu. Tusimpambe. Aliliona, akajiambia ni bahati mbaya, akaenda nyumbani, akapika, akala. Ana binti anayesoma bweni, Biubwa, na ana mama asiyeona vizuri, na kazi ya kusoma Nasaba haiokotwi. Mtu akitaka asione, sababu hazikosi.

Alijifunga mtandio upya, akapanda ghorofani kwa meneja.

Meneja Mbonea alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumpigia mtu kelele, na alikuwa na desturi ya kumvutia mgeni kiti mwenyewe. Alimsikiliza Siwatu mpaka mwisho: bomba la kutawadhia liko mgongoni mwa wodi ya tatu. Juu yake kuna tundu linalotoa hewa ya wodi. Chujio la tundu lile limechoka. Watu wanavua barakoa pale, wanavuta maji puani, nalo linawapulizia.

"Chujio jipya limeagizwa," Mbonea alisema.

"Lini?"

"Mwaka jana." Alisema bila aibu, kama anayetaja hali ya hewa. "Bi Siwatu, mimi nawe ni watu wa kazi. Hapo bombani hewa imepimwa mara mbili na wakaguzi. Safi."

"Siku ya ukaguzi mnazima feni."

Hakukataa. Alinyoosha mkono, akagusa kioo cha mezani, na sauti ya mwanamke ikatoka, ya kuchangamka na haraka kidogo: *Zivueni tu. Dakika tano hazina neno.*

Siwatu alisikia masikio yakiwaka. Kumbe dirisha lake lilikuwa linarekodiwa siku zote.

"Kampuni haikuwaambia wavue," Mbonea alisema kwa upole ule ule. "Mkataba unasema bangili isivuliwe zamuni. Aliyewaambia wavue ni wewe. Sasa ukitaka tulifungue hili, litafunguka lote. Piga dole, Bi Siwatu. Wiki ijayo nitalihamisha bomba kimya kimya, hataugua tena mtu."

"Na Rehani?"

"Rehani alivua bangili."

"Nikigoma kupiga?"

"Ukigoma, mashine inajipigia yenyewe ikifika alasiri. Ukiandika ndani ya zamu huku bangili inasema nje, inalitupa andiko lako. Unajua. Nasaba haisomi hewa, haisomi maneno. Inasoma damu na saa." Alisimama, akamvutia kiti nyuma ili apate nafasi ya kutoka. "Na damu ya Rehani imeshasema."

Siwatu alifika mlangoni, kisha akasimama. Jambo lilikuwa limemjia, na lilimjia bila fahari yoyote. Msomaji wa Nasaba havai bangili. Alipoajiriwa walimtia punje chini ya ngozi ya mkono, ndogo kama ya mtama, isiyovuliwa. Msomaji yuko zamuni usiku na mchana, kwa mujibu wa mkataba ule ule wa Satua, kwa sababu kampuni haikutaka msomaji aseme siku moja kwamba alisoma vibaya kwa kuwa alikuwa mapumzikoni.

"Naweka pingamizi," alisema. "Jalada la Rehani. Msomaji ana haki ya siku nne."

Kwa mara ya kwanza Mbonea alikunja uso. "Siku nne za nini?"

"Za kutafuta damu nyingine."

*

Adhuhuri ile alishuka bombani. Alikuwa hajawahi kutawadha pale hata siku moja, kwa kuwa wa ofisini wana chumba chao chenye vigae na kioo. Watu wa kufulia walikuwa wameshapanga bangili ukutani. Walipomwona, wengine walianza kuzivaa haraka haraka, wakidhani ni ukaguzi.

"Jazeni ndoo," Siwatu aliwaambia. "Katawadheni kule upande wa jua, kwenye miti. Msirudi hapa. Si leo, si kesho."

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza Bi Mashavu, mkubwa wao, aliyefua hospitalini tangu enzi za kufua kwa mikono.

"Hewa ya hapa mbaya. Ndiyo iliyomwangusha Rehani. Na Kidawa. Na Sefu, na Mzee Titima."

Hakuna aliyempigia kelele. Bi Mashavu alizitazama bangili zilizopangwa pale juu, akamtazama Siwatu, na Siwatu aliona hesabu ikipita machoni mwa yule mama: nani alisema zivuliwe, na lini.

"Ulijua?"

"Nilijua nusu. Nusu nyingine sikutaka."

"Lahaula." Bi Mashavu aliinama akachukua ndoo. Wengine wakafuata. Alipofika kwenye kona aligeuka. "Mbona wewe huji?"

"Nina shughuli hapa."

Yule mama alimwangalia sana, kisha akaelewa, maana uso ulimbadilika. Hakumzuia. Aliondoka na ndoo yake.

Siwatu alivua barakoa. Upepo wa tundu ulikuwa vuguvugu, unanuka dawa ya kusafishia na kitu kingine kitamu kitamu. Alikunja mikono, akaosha viganja, akasukutua, akapandisha maji puani, akavuta kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Aliogopa mno. Alitawadha mpaka mwisho, akaanza tena upya, na tena. Sala yenyewe aliisali hapo hapo, kichwa chini ya tundu, na hakumbuki aliomba nini.

Jumanne alirudi. Jumatano asubuhi alijitoboa kidole, akaweka tone kwenye mashine.

Siwatu Mbaruku, miaka arobaini na mmoja, msomaji. Kirusi cha homa ya utando. Kimetoka kwa mgonjwa wa kitanda namba kumi na mbili. Kimeingia mwilini Jumanne, saa saba kasoro dakika kumi na moja mchana. Mahali, kwa punje: bomba la nyuma. Hukumu: ndani ya zamu.

Alilia pale pale mezani, na wallahi yalikuwa machozi ya furaha. Kisha aliandika yote. Tundu, chujio, feni inayozimwa siku ya wakaguzi. Aliandika maneno yake mwenyewe ya dakika tano, na akaambatisha majalada ya watu watatu waliokufa kwa dole lake. Hakujitafutia udhuru hata mmoja. Alipeleka kwa Baraza la Nasaba, akashuka bandani kumwambia Zamda.

Bandani palikuwa pamejaa. Tangu Jumatatu watu wa kufulia walikuwa wanapokezana mfuko wa kupulizia, kila mtu saa moja, baada ya zamu na kabla ya zamu. Waliandika majina ya zamu hiyo kwa mkaa ukutani. Zamda mwenyewe hakukubali kupokewa zaidi ya saa mbili kwa siku, na mikono yake ilikuwa imevimba, vidole havikunjiki.

Siwatu alisimama mbali, mlangoni, barakoa imembana. "Kesho Baraza linakaa," alisema. "Ushahidi upo. Haupingiki."

"Nilimwambia mimi," Zamda alimwambia mumewe huku akikamua. "Umesikia? Nilikwambia."

*

Baraza lilikuwa watu watatu kwenye kioo, mwenyekiti akiwa mama wa makamo mwenye sauti ya kistaarabu. Walikuwa wamesoma kila kitu. Siwatu alikaa peke yake kwenye chumba kilichofungwa, homa imeshaanza kumpanda, na Mbonea alikaa chumba cha pili.

"Ushahidi wa msomaji ni kamili," mwenyekiti alisema. "Kampuni ya Satua ilimweka mfanyakazi kwenye hatari, na hatari hiyo imethibitishwa kwa damu na kwa saa. Kampuni inawajibika kwa matibabu yake yote."

"Ahsante," Siwatu alisema. "Ahsante sana. Basi ahamishwe sasa hivi, maana yuko kwenye machela siku ya nne."

Watatu wale walitazamana.

"Nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Rehani Shekue."

"Bi Siwatu, mfanyakazi tunayemzungumza ni wewe."

Alidhani homa inamchezea masikio. Alieleza upya, polepole, kama anavyomwelezea mama yake mambo ya mashine. Rehani aliugua pale pale, kwa kirusi cha mgonjwa yule yule, dakika ile ile ya adhuhuri.

"Alikuwa na kipimo mwilini dakika hiyo?"

"Alivua bangili atawadhe. Nimeandika."

"Basi tutajuaje kwamba alikuwa bombani?"

"Watu kumi na saba walitawadha naye!"

"Watu kumi na saba hawana saa, Bi Siwatu." Mwenyekiti hakusema kwa ubaya. Labda hata alisikitika. "Sheria hii iliondoa maneno ya watu kwa sababu maneno ya watu ndiyo yaliyokuwa yanawaumiza wafanyakazi. Hatuwezi kuyarudisha kwa ajili ya mmoja. Damu yako inathibitisha ulipoambukizwa wewe. Haithibitishi alipoambukizwa mwingine."

"Basi nipeni mimi adhabu, yeye mpeni kitanda."

"Hatukukaa kutoa adhabu. Baraza linakupongeza kwa ujasiri wako. Kampuni imeahidi kulihamisha bomba."

Kioo kilizimika. Siwatu alibaki anapiga meza kwa kiganja, mara ya kwanza kwa hasira, baadaye kwa kuwa hakujua afanye nini na mkono. Mlango ulifunguliwa, wakaingia wauguzi wawili wenye mavazi ya karantini, na machela safi yenye shuka jipya. Walikuja kumchukua.

"Sitaki," aliwaambia. "Mpelekeni Rehani. Kitanda changu mpeni Rehani, naandika hapa, napiga dole, vidole vyote kumi."

Sauti ya Mbonea ilitoka kwenye spika ya ukutani. "Kitanda hakihamishiki, Bi Siwatu. Kinafunguka kwa punje yako tu. Ukikikataa kitakaa kitupu, na mimi nitakuwa na wagonjwa wawili wa kuwazika badala ya mmoja. Nakuomba ulale."

Alitafuta tusi la kumtukana, akakosa linalomfaa mtu mpole kiasi kile. Pumzi nayo ilikuwa imeanza kumwishia. Alijaribu kutembea mpaka mlangoni, aende bandani akashike ule mfuko japo kwa saa yake moja. Alifika hatua nne tu.

*

Kitanda namba saba kilikuwa kile cha dirishani. Uvunguni palikuwa safi.

Hakikumngoja aamue. Kilimfunga kifuani taratibu, kikamvisha bomba la hewa, kikaanza kumpumulia, na kila alipojaribu kuizuia pumzi kilimshinda nguvu. Kupitia dirishani aliona mafundi wakilihamisha bomba la kutawadhia. Walilipeleka nje ya geti, kando ya barabara. Juu yake walipachika kibao cha kampuni, na maandishi yake yalikuwa makubwa, hata akayasoma kutoka kitandani: ANAYETOKA GETINI YUKO NJE YA ZAMU.

Aliwaona pia wakipita na Rehani. Hukumu ya mashine ilikuwa imesimama, nje ya zamu, na banda lilitakiwa kufungwa. Watu wa kufulia walimbeba wenyewe, wanne kwenye machela, na Bi Mashavu akitembea kando anakamua mfuko, akihesabu kwa sauti ili asikosee mwendo. Walipopita getini walizivua bangili zao wote, zamu ikiwa bado haijaisha, wakazitundika kwenye vyuma vya geti. Kengele za geti zililia muda mrefu. Mbonea hakutoka.

Siku ya tatu Zamda alikuja. Alisimama nje ya kioo cha wodi, mtandio mweusi, thamosi ya uji mkononi. Siwatu hakuhitaji kuambiwa. Mikono ya Zamda ilikuwa bado imevimba, lakini ilikuwa imetulia, haikamui chochote.

"Saa nne asubuhi," Zamda alisema kupitia tundu la kuzungumzia. "Tulikuwa tumeshika watu sita. Sikuachia, dada. Watakuambia. Sikuachia hata mara moja."

Siwatu hakuweza kujibu, bomba lilikuwa mdomoni. Alitikisa kichwa tu. Alitaka kumwambia kwamba dakika tano zilikuwa na neno, kwamba aliogopa kazi, kwamba alidhani damu yake itamtosha na mwenzake. Alitaka kumwomba msamaha, na aliona aibu kuutaka.

Zamda alikitazama kitanda kwa muda. Alikitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, na uvunguni pia, alipokuwa amefagia. Sura yake haikuwa na chuki. Ilikuwa imechoka mno kubeba kitu chochote. Aliiweka thamosi chini, karibu na mlango, akajifunga mtandio.

"Basi pumua," alisema. "Pumua, dada Siwatu. Pumua na ya Rehani."

Akaondoka. Kitanda kiliingiza hewa, kikaitoa, kikaiingiza tena. Siwatu alikaza kifua kwa nguvu zake zote asiipokee, nacho kikampa vile vile.